Majestic ya Vuga: Jinsi Jumba la Sinema Linavyopanda na Jinsi Linavyoshuka

Katika barabara ya Vuga, mjini Unguja, limesimama jumba la saruji ambalo halifanani na nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Halina mlango wa nakshi wala kibaraza cha kukalia wapita njia. Lilijengwa kwa mtindo wa kisasa wa katikati ya karne iliyopita, kwa kazi moja tu: kukusanya mamia ya watu gizani mbele ya kitambaa cheupe. Jina lake ni Majestic. Kwa miongo mingi lilikuwa miongoni mwa vitovu vya maisha ya mji, kisha likanyamaza, paa lake likaharibika, na vijana wengi wa leo wanalijua kama gofu.

Ukiuliza kilichotokea, jibu utakalopewa haraka ni kwamba video iliua sinema. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini linaanzia mwisho wa kisa. Jumba la sinema husimama juu ya mambo manne yanayotegemeana. Kwanza, picha mpya ziingie mjini mfululizo. Pili, mwenye jumba awe na sababu ya kulitunza. Tatu, watu waweze kulifikia usiku kwa wepesi na kwa bei wanayoimudu. Nne, kwenda sinema kuwe na thamani ya kijamii inayozidi picha yenyewe. Majestic ilipanda kwa sababu mambo hayo manne yalikutana Unguja mapema kuliko katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Ilishuka kwa sababu yaliondoka moja baada ya jingine, na video ilipofika ilikuta jumba ambalo tayari lilikuwa limechoka.

Mji wa bandari na mfanyabiashara mwenye hema

Historia inaanza na mfanyabiashara mmoja wa Unguja, Hassanali Adamji Jariwalla. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 alikuwa akionyesha picha zisizo na sauti ndani ya hema. Mahali alipochagua palimfaa. Unguja ilikuwa bandari ya karafuu na pembe za ndovu, yenye meli za kwenda na kurudi Bombay, Aden na Mombasa. Picha iliyokwisha kuonyeshwa Bombay iliweza kupakiwa melini pamoja na nguo na mchele, ikashushwa Forodhani. Wakazi nao walikuwa wamezoea kustareheka pamoja hadharani kwa ngoma, taarabu na michezo ya sikukuu. Sinema haikulazimika kuwafundisha tabia ya kutoka nyumbani jioni, kwani walikuwa nayo.

Mwaka 1921 Jariwalla alifungua jumba la kudumu huko Vuga, likiitwa Royal. Aliyelichora alikuwa J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza na msanifu majengo ambaye mkono wake unaonekana mpaka leo katika Mahakama Kuu ya Vuga na katika makumbusho ya Beit el Amani. Sinclair alipenda kuchanganya matao na makuba ya Kiarabu na mpangilio wa Kizungu, hivyo Royal ilipofunguliwa ilisimama sawa na majengo ya utawala yaliyokuwa jirani. Hilo lilikuwa na maana yake. Mfanyabiashara wa Kihindi alikuwa ametoa fedha zake kujenga ukumbi wenye hadhi ya jengo la Serikali, na aliyekuwa na fedha za tikiti aliingia.

Hapa Unguja inatengana na miji ya walowezi. Nairobi ya wakoloni ilikuwa na kumbi zilizowatenga Waafrika kwa sheria au kwa desturi. Unguja, wenye majumba walikuwa wafanyabiashara wa hapohapo, na riziki yao ilitegemea kila kiti kipate mtu. Walichogawanya ni bei. Viti vya mbele chini, karibu kabisa na kitambaa, vilikuwa rahisi, na vile vya roshani vilikuwa ghali. Mgawanyo huo haukuwa usawa, kwani fedha zilifuata kwa kiasi kikubwa mipaka ya asili na tabaka. Hata hivyo mchukuzi wa bandarini na karani wa benki walicheka na kulia chini ya paa moja, kwa sababu ya picha moja, katika saa moja. Mahali pa namna hiyo palikuwa pachache chini ya ukoloni.

Kazi iliyofanyika nyuma ya mwanga

Mtazamaji aliona mwanga tu. Nyuma yake palikuwa na kazi ngumu, na kuifahamu kunasaidia kuelewa kwa nini baadaye jumba lilianguka upesi hivyo.

Picha ya milimita 35 hupita mbele ya taa kwa kasi ya fremu 24 kila sekunde. Mkanda wa futi 2,000 humalizika kwa dakika kama 22. Picha ya Kihindi, ambayo mara nyingi hukaribia saa tatu, ilikuja kwa mikanda minane hivi, kila mmoja ndani ya kopo lake la bati. Katika chumba cha mashine palikuwa na mashine mbili. Moja ilipokaribia kumaliza, fundi aliwasha ya pili na kuhamisha picha bila ukumbi kugundua. Fundi mzembe alijulikana papo hapo, maana watu walipiga miluzi na kugonga viti.

Nakala za picha zilikuwa ghali na chache. Katika miji ya pwani iliwezekana majumba mawili yakagawana nakala moja usiku uleule. Mkanda wa kwanza ukimalizika katika jumba hili, kijana wa baiskeli aliubeba mbio kwenda jumba la pili, ambako onyesho lilikuwa limepangwa kuanza nyuma kidogo. Akipata pancha, mamia ya watu walikaa wakisubiri kujua kama steringi amepona.

Kwa hiyo biashara ya sinema ilikuwa mfumo mzima: wakala wa Bombay au Mombasa, meli, forodha, bodi ya ukaguzi iliyoamua kipi kionyeshwe, mchoraji wa mabango, muuza tikiti, fundi wa mashine, kijana wa baiskeli na muuza karanga wa mlangoni. Mwenye jumba aliwaunganisha wote hao. Alitakiwa ajue ladha ya mji wake, ahisi mapema picha gani itajaza ukumbi, na aagize kabla jirani yake hajaagiza. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulikaa vichwani mwa watu wachache na katika barua walizoandikiana ng'ambo ya bahari.

Jumapili ya mji

India ilipotoa picha yake ya kwanza ya sauti, Alam Ara, mwaka 1931, Bahari ya Hindi ilipata lugha mpya ya pamoja. Watazamaji wengi wa Unguja hawakujua Kihindi, lakini hawakushindwa kufuata. Nyimbo zilikamatwa kwa masikio, na kisa kilisomeka katika nyuso. Kilichowavuta zaidi ni kwamba maswali ya picha hizo yalikuwa maswali ya nyumbani kwao: kijana anayempenda asiyechaguliwa na wazazi, mama anayebeba mzigo wa familia peke yake, maskini mwenye heshima mbele ya tajiri asiye nayo. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, na Mother India, ya mwaka 1957, zilipendwa pwani nzima kwa kiwango ambacho picha nyingi za Hollywood hazikukifikia. Picha za Misri nazo zilikuwa na watu wao, kwani ziliwaleta kwenye kitambaa waimbaji kama Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab, ambao sauti zao zilikuwa tayari zikisikika Unguja kwa santuri na redio.

Jumapili jioni ndiyo iliyokuwa kilele cha wiki. Familia nzima zilitoka, watu wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Mitaa ya kuelekea Vuga ilijaa, na walanguzi wa tikiti walipata faida yao kwa waliochelewa. Kwa wanawake ambao desturi iliwabana kutoka ovyo, sinema ilikuwa njia halali ya kuonekana na kuona. Yalikuwapo maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, ambako mabuibui yaliteremshwa mabegani na mazungumzo yakaenda bila kificho. Kesho yake kisa kilihamia barazani na jikoni. Asiyekwenda alisimuliwa, na aliyesimulia vizuri alipata jina. Je, binti yule alikosea kukimbia? Baba alikuwa na haki ya kumkana mwanawe? Kupitia watu wa kubuni wa Bombay na Cairo, watu wa Unguja walijadili mambo ambayo ingekuwa vigumu kuyataja kwa jina la jirani.

Athari yake ilibaki hata katika muziki. Kaskazini kidogo, Mombasa, Juma Bhalo alijenga sehemu kubwa ya umaarufu wake kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya picha za Kihindi. Watu waliobeba tuni kutoka ukumbini mpaka harusini hawakuwa wapokeaji tu wa utamaduni wa wengine. Walichukua walichokitaka, wakakitia kwao.

Uthibitisho mkubwa wa nguvu ya sinema wakati huo ni moto. Jumba la zamani la Royal, ambalo kufikia wakati huo lilikuwa likiitwa Majestic, liliteketea mwaka 1953. Mfanyabiashara anapounguliwa na jengo hukaa chini na kupiga hesabu upya. Hesabu ya Vuga ilikuwa wazi: mwaka 1955 jumba jipya lilikuwa limesimama palepale, likiwa limechorwa na Dayalji Pitamber Sachania. Mtindo wa Sinclair haukurudi. Badala yake uliinuka uso wa kisasa, mfano wa majumba ya sinema ya Bombay. Hakuna anayemwaga saruji kiasi hicho kwa biashara anayoiona inazama.

Mwenye jumba anapoondoka

Miaka tisa baadaye yalikuja Mapinduzi ya Januari 1964. Mali nyingi za wafanyabiashara na wenye ardhi zilichukuliwa na Serikali, na majumba ya sinema yakawa miongoni mwake. Lengo lililotangazwa lilikuwa na uzito: nchi iliyokuwa imegawanyika vibaya kwa tabaka na asili ilitaka starehe na utamaduni viwe vya wananchi wote. Picha ziliendelea kuonyeshwa na watu waliendelea kujaa. Mtu aliyenunua tikiti wakati ule hakuona dalili ya kifo.

Lakini jambo la pili kati ya yale manne lilikuwa limeguswa. Mwenye jumba wa zamani alipoona bati linavuja alijua kwamba kila tone linamla yeye. Chini ya Serikali, mapato yalikuwa ya umma, na umma ulikuwa na hospitali, skuli na nyumba za kujenga. Paa la sinema lilisubiri mwisho wa foleni, na ilikuwa haki lisubiri. Tatizo ni kwamba jengo la saruji karibu na bahari halijui kusubiri. Chumvi huingia, vyuma vya ndani hushika kutu, saruji hupasuka. Hapohapo ujuzi wa kuagiza picha, uliokaa vichwani mwa watu wachache, uliondoka na waliohama.

Tanzania Bara ilipita njia inayofanana kwa mwendo wa polepole zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968, na baadaye ikapewa ukiritimba wa kuagiza na kusambaza picha. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na waliokuwa na majumba ya sinema wakajikuta wapangaji wa Msajili wa Majumba. Mpangaji hakarabati jengo la mwingine kwa moyo uleule. Badala ya waagizaji wengi waliokuwa wakishindana kukisia ladha ya miji yao, ikabaki ofisi moja yenye fomu moja.

Kisha likaja pigo la fedha za kigeni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda, na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza akiba ya nchi. Zanzibar, iliyotegemea karafuu, iliona bei yake ikianguka katika miaka ya 1980 kwa kuwa Indonesia, mnunuzi mkubwa wa siku zote, ilikuwa imepanda karafuu zake yenyewe. Picha hulipiwa kwa fedha za kigeni. Nchi inayokosa dawa na vipuri vya mabasi haiwezi kutetea fedha za kununulia picha. Ikawa nakala zilezile zinarudiwa mpaka zinachanika, fundi anakata kipande kilichoharibika na kuunga, na kisa kinaruka. Jambo la kwanza nalo likawa limeondoka: hapakuwa tena na sababu ya kuuliza wiki hii kuna nini.

Televisheni na video: kupima shutuma

Sasa tunaweza kuipima ile shutuma ya kawaida, kwamba video iliua sinema. Tuanze na televisheni, iliyotangulia. Visiwa na Bara vinatupa kipimo kizuri bila mtu kukipanga. Zanzibar ilianzisha televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya sehemu kubwa ya Afrika. Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Pengo ni la miaka kama 20. Kama televisheni peke yake ingekuwa muuaji, majumba ya Unguja yangekufa mapema na yale ya Dar es Salaam yangedumu miongo miwili zaidi. Haikuwa hivyo. Pande zote mbili zilidhoofika katika kipindi kilekile, miaka ya 1980 na 1990. Lililozikuta pamoja ni uhaba wa picha, uchakavu wa majengo na kubanwa kwa mifuko ya wananchi.

Video ina kesi nzito zaidi. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Ali Hassan Mwinyi, deki na kanda ziliingia kwa wingi. Unguja ilikuwa na mlango wake wa pekee: jamaa walioko Oman na Dubai walituma deki nyumbani kama walivyotuma nguo. Kanda ya Bombay ilifika sebuleni ikiwa mpya wakati ukumbi wa Vuga ukirudia picha ya zamani. Nani angechagua kiti kilichovunjika? Kwa wanawake hasa hesabu ilibadilika, kwani picha sasa iliwafuata nyumbani. Mitaani vikazaliwa vibanda umiza, vyumba vyenye mabenchi na televisheni moja, na baadaye wasimuliaji kama Lufufu wa Dar es Salaam walitafsiri mazungumzo ya picha kwa Kiswahili cha mtaani kilichojaa uhai. Vibanda hivyo vinathibitisha jambo moja: hamu ya kutazama pamoja haikufa. Ilihamia palipokuwa na picha mpya na bei nafuu.

Jambo la tatu, la kufikika, lilivunjwa na mji wenyewe kubadilika. Baada ya Mapinduzi wakazi wengi wa Mji Mkongwe waliondoka na wengine wakaingia. Serikali ilijenga majumba ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na maisha ya wengi yakahamia upande ule na hata mbali zaidi. Mji ukatanuka. Tangu miaka ya 1990, na hasa baada ya UNESCO kuuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nyumba nyingi ziligeuka hoteli na maduka ya wageni. Jumba lililotegemea familia za kufika kwa miguu Jumapili jioni lilizungukwa na wageni wa siku tatu. Hapo ndipo jambo la nne, la thamani ya kijamii, lilipokosa pa kushika, kwa kuwa desturi haidumu bila wanaoirudia.

Majumba mengine yalipata miisho mingine. Nairobi, kumbi kadhaa zimekuwa makanisa, na Globe Cinema imebaki jina la mzunguko wa barabara. Dar es Salaam, uwanja wa sinema ya magari uliofunguliwa mwaka 1966 ndipo ulipojengwa ubalozi wa Marekani. Kumbi mpya zimo ndani ya maduka makubwa kama Mlimani City. Ni safi na mashine zake ni nzuri, lakini bei yake na umbali wake huwachuja watu mlangoni kwa namna ambayo viti vya mbele vya Vuga havikuwachuja.

Kufufua nini?

Taasisi ya Hifadhi Zanzibar imeanza jitihada za kulirudisha jumba la Majestic, na kila anayeupenda mji huu ana sababu ya kuzitakia heri. Kuporomoka kwa sehemu ya jumba la Beit al Ajaib mnamo Desemba 25, 2020 kulituonyesha kwamba majengo ya Mji Mkongwe hayatungojei tumalize mikutano. Lakini uchambuzi wa kushuka kwa Majestic unatuonya pia kwamba kuta zikisimama kazi itakuwa haijafika nusu.

Mambo yale manne leo yamebadilishana uzito. La picha, lililokuwa gumu kuliko yote mwaka 1982, sasa ni jepesi kuliko yote. Picha husafiri kidijitali, bila makopo na bila kijana wa baiskeli. Na safari hii si lazima zitoke mbali. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inasimulia Unguja ya miaka ya 1950, miaka ileile Majestic ilipokuwa ikijazwa. Tamasha la filamu la ZIFF, tangu mwaka 1998, limeonyesha Ngome Kongwe kwamba watazamaji wapo. Ila tamasha huja mara moja kwa mwaka, na jumba huishi kwa Jumanne ya kawaida isiyo na mgeni rasmi.

Kwa hiyo nguvu ielekezwe kwenye mambo matatu yaliyobaki. Awepo mtu au chombo chenye mamlaka ya kuliendesha jumba na chenye kuumia likivuja, huku sehemu ya mapato ikiwekwa kando kwa ajili ya paa kabla ya matumizi mengine. Bei ipangwe ili viti vya mbele vimudiwe na mwanafunzi wa mtaa wa Ng'ambo na mchukuzi wa mtaa wa Malindi, hata kama wageni wa hoteli watalipa zaidi roshani. Usafiri wa kurudi nyumbani usiku ufikiriwe mapema, maana mji umetanuka na watazamaji wake hawaishi tena jirani. Na ratiba iwe ya kudumu: siku ya familia, mchana wa wanawake, asubuhi ya skuli, wiki baada ya wiki, mpaka watu waache kuuliza kama kuna onyesho na waanze kuuliza ni onyesho gani.

Jariwalla alianza na hema, na watu walikuja. Ukumbi mzuri ulifuata baadaye, kwa sababu tayari palikuwa na umma wa kuujaza. Wanaoijenga upya Majestic wana ukumbi kwanza, na umma wanapaswa kuulea upya. Ni kazi ndefu kuliko kupiga plasta, na ndiyo itakayoamua kama Vuga itapata jumba la sinema au makumbusho ya jumba la sinema.